Amplifaya Yenye Adabu

Juni 2

Nimenunua miwani mpya. Ile ya zamani niliikalia. Muuzaji wa duka lililo karibu na stesheni ya Nakano amenishawishi nichukue yenye vipini vinene vyeusi, eti inanifanya nionekane mtu wa sanaa. Nilipofika nyumbani mke wangu, Fumie, alinitazama kidogo, kisha akaendelea kukata matango.

"Baba Mika, unafanana na bundi mstaafu."

"Mstaafu ndiyo mimi."

"Hilo najua. Nilikuwa nasemea bundi."

Juni 7

Redio imetangaza kwamba masika yameanza. Kama vile kuta zetu hazikujua.

Juni 8, Jumapili

Kikundi cha wasikilizaji kimekutana, kama kila Jumapili, juu ya mkahawa wa kahawa wa Mama Kinugasa. Ghorofani kuna kiti kimoja kizuri, hedifoni zetu za mbao ya mcheri tulizochanga wote kuzinunua, na sinia dogo jeusi la kuwekea miwani. Sinia hilo ni la zamani kuliko wengi wetu pale. Mtu mwenye miwani huivua kabla ya kuvaa hedifoni, maana kipini huuinua ule mto wa ngozi, upenyo ukabaki, na besi yote ikavuja. Hili hata anayekuja mara ya kwanza huambiwa kabla hajaagiza kahawa.

Habari kubwa ni kwamba tumepewa meza kwenye maonyesho ya Julai 20. Meza moja, hedifoni moja, amplifaya moja. Hedifoni hatuna ubishi. Amplifaya ziko mbili. Moja ni ya Daktari Onuki, ambaye ni daktari wa meno na hununua vitu vizito: ya kiwandani, ya rangi ya fedha, inataka watu wawili kuibeba. Nyingine ni ya Sugaya, ameiunda mwenyewe kwa mkono, ina valvu mbili za kioo, zile taa za redio za zamani, na inataka nusu saa ya kupata moto kabla haijasema neno. Jumapili ijayo tunazilinganisha na kuchagua.

Wakati wa kushuka ngazi Sugaya alinishika mkono wa shati. Tumejuana tangu tuna miaka ishirini na kitu. Alikuwa fundi wa televisheni, mimi nikawa fundi wa sauti redioni.

"Kaji, hii ndiyo ya mwisho," alisema, akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa vinatetemeka. "Chuma cha kulehemu hakitulii tena. Nataka watu nisiowajua waisikilize, hata siku moja tu. Nyinyi mnanipenda, hamuaminiki."

Nilicheka. Nilimwambia itasikilizwa.

Juni 10

Mvua.

Juni 12

Fumie ameleta plamu za kutia chumvi, kilo kumi. Nyumba nzima inanukia. Amenikataza kuzigusa kwa sababu mwaka juzi nilizigusa na mtungi mmoja ukaota ukungu. Sibishani na mtu mwenye ushahidi.

Juni 15, Jumapili

Leo nina mengi.

Mvua haikukatika tangu alfajiri na miavuli ilijaa hadi nje ya mlango wa Mama Kinugasa. Desturi yetu ni kwamba mkubwa wa kikundi husikiliza kwanza na husema kwanza, na kwa ajili ya miaka yangu ya redioni mkubwa ni mimi. Wananiita masikio ya kikundi. Nikishasema, wengine husikiliza kwa zamu, kisha hutikisa kichwa kukubali. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunipinga.

Tulianza na ya Daktari. Niliweka miwani kwenye sinia, nikavaa hedifoni, tukapiga ile sahani yetu ya santuri ya majaribio, ya kinanda, ngoma na ile besi kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa vidole. Sauti ilikuwa safi. Kila mpigaji mahali pake, besi imesimama wima, hakuna kilichogongana na kingine. Haikunigusa moyo, lakini sikuona pa kuikosoa. Ilikuwa kama wali uliopikwa na mtu anayefuata vipimo bila kuonja.

Kisha tukapumzika kwa kahawa, nikavaa miwani nione biskuti za mchele, tukarudi kwa Sugaya. Amplifaya yake ilikuwa imeshapata moto, valvu zinawaka rangi ya chungwa. Yeye mwenyewe alikaa mbele yangu kwenye stuli, ameweka mikono katikati ya magoti ili isionekane. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Nilimwona vizuri kabisa, hadi mshipa wa shingoni.

Sahani ile ile. Kinanda kilikuja kizuri, laini, cha karibu. Lakini chini hakukuwa na kitu. Yule mpiga besi ni kama alikuwa amefungiwa mlango akabaki nje kwenye mvua. Nilingoja. Hakuingia.

Nikavua hedifoni nikasema, "Ni amplifaya yenye adabu."

Asiye wa kikundi atadhani ni sifa. Kwetu ni hukumu. Nyama ikiwa ngumu unamsifu mpishi kwa sahani zake; huko ndiko kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na sisi tumebobea. Zikaja zamu za wengine. Wakasikiliza mmoja mmoja, wakatikisa vichwa, Daktari wa mwisho. Mama Kinugasa alirudia, "Kweli ina adabu," akaanza kukusanya vikombe.

Sugaya aliinuka akainama. "Asanteni kwa kusikiliza." Akashuka ngazi akiiacha amplifaya pale pale mezani, na mwavuli wake pia.

Mama Kinugasa hana nafasi ya kuiweka, basi nimeibeba nyumbani kwa teksi, nimeifunika koti langu.

Nimesema kweli kama nilivyoisikia. Lakini niandike na hili, kwa sababu Fumie hawezi kuusoma mwandiko wangu: nilipoyatamka yale maneno nilisikia raha kidogo. Sugaya ana mikono, mimi nina maneno tu. Amplifaya niliyounda ujanani ilivuma kama nyuki, nikaitupa. Zake hazikuwahi kuvuma.

Juni 16

Mvua. Sijampigia Sugaya.

Juni 19

Nimempigia. Hakupokea.

Juni 22, Jumapili

Sugaya hakuja. Daktari anasema amesikia kwamba ameuza valvu zake zote za akiba kwa duka moja la vipuri kule Akihabara. "Labda amezeeka," alisema, akisikitika kwa dhati. Daktari ni mtu mzuri, hilo ndilo linaloudhi.

Tukaandika jina la amplifaya ya Daktari kwenye fomu ya maonyesho. Nikatia mhuri wangu.

Juni 25

Sijui niandike vipi.

Leo Fumie alikwenda kwa dada yake. Nikaiunganisha amplifaya ya Sugaya, nikaiacha ipate moto, nikavaa hedifoni zangu, ambazo ni ndugu wa zile za kikundi, nikakaa na gazeti. Nyembamba. Hakuna besi. Nikajiambia, umeona, ulisema kweli, na mgongo ukalegea kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

Kisha miwani ikaingia ukungu. Dirisha lilikuwa wazi kidogo na unyevu wa siku hizi unaingia hata kwenye mfuko wa chumvi. Nikaitoa niifute kwa shati.

Yule mpiga besi akaingia chumbani.

Hakuna namna nyingine ya kulisema. Aliingia na mwili wake wote, vidole, nyuzi, mbao ya chombo chake, akakaa karibu yangu, na kinanda kikamwegemea. Nilisikia hadi pumzi anayovuta kabla ya noti. Amplifaya ya Daktari ilinionyesha wanamuziki. Hii iliniketisha nao.

Nikavaa miwani. Akatoka. Nikavua. Akarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi, mtu mzima, mwenye mjukuu, kama anayecheza na swichi ya taa.

Nikaikumbuka ile Jumapili. Wakati wa kuondoka sikuchukua miwani kwenye sinia. Sikuichukua kwa sababu haikuwa huko. Ilikuwa usoni mwangu, ndiyo maana niliuona ule mshipa.

Ningeandika hapa kwamba nilisahau. Kalamu inakataa. Sikusahau. Nilipokaa, mkono ulianza kwenda kwenye sinia, na mimi nikaurudisha. Bila miwani Sugaya ni ukungu tu. Nilitaka kumwona anavyohangaika. Nilidhani nitamtazama kidogo kisha nivue, halafu wimbo ukaanza, na kule kutazama kukanikolea.

Naona aibu hata mbele ya plamu.

Juni 26

Mvua.

Juni 27

Mvua. Nimeshika simu mara mbili, nikaiweka.

Juni 29, Jumapili

Nilikwenda nimejiandaa kusema. Nilikuwa na sentensi kamili, nimeifanyia mazoezi bafuni. Daktari akaingia na keki ya kushukuru. Ameandika shukrani kwa sukari. Mama Kinugasa alinikatia kipande kikubwa, akasema, "Kula, masikio yetu."

Nilikula. Chote, hadi makombo.

Julai 3

Fumie amenibana. Nilikuwa nimetoka kununua betri, na niliporudi nilimkuta amekaa chumbani mwangu, mikono ina chumvi, hedifoni zangu kichwani. Miwani yake ya kusomea ilikuwa juu ya gazeti, imekunjwa vizuri. Hakuna aliyemfundisha. Anasema zilikuwa zinambana.

"Hii ndiyo ya Sugaya?"

"Ndiyo."

"Hii ndiyo uliyosema ina adabu?"

Nikaweka betri mezani.

"Baba Mika, kila simu ikilia unakohoa. Usiku unageuka kama samaki juu ya jiko. Nilidhani ni tumbo. Ulimfanya nini yule mtu?"

Nikamwambia habari ya miwani. Ile ya kuurudisha mkono sikumwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta chumvi kwenye hedifoni kwa ncha ya aproni yake.

"Basi nenda ukaseme."

"Fomu imeshapelekwa."

"Nani amekuuliza fomu? Nimesema nenda."

Julai 4

Sikwenda. Mvua kubwa, nilijisingizia mvua.

Julai 6, Jumapili

Sikwenda kikundini. Nilikwenda Koenji kwa Sugaya, anakoishi nyuma ya lililokuwa duka lake la televisheni. Mwavuli uligeuzwa na upepo njiani. Alifungua mlango amevaa fulana, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Umelowa kama paka wa sokoni. Ingia."

Ile meza yake ya kazi ilikuwa tupu. Kwa miaka yote niliyomjua sijawahi kuuona ubao wa ile meza. Alinipa taulo na chai baridi ya shayiri, akakaa.

"Mzee Sugaya, nimekuja kusema jambo."

"Sema."

"Siku ile sikuvua miwani."

"Najua."

Nilidhani sikusikia. "Unajua nini?"

"Kaji, nilikuwa nimekaa mbele yako. Nilikuwa natazama uso wako, ningetazama nini kingine? Nikasema, atavua sasa. Ukavaa hedifoni juu yake. Nikasema, anajaribu tu, wimbo ukianza atavua. Wimbo ukaanza." Alikunywa chai. "Ukaisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mbele ya nani? Mbele ya Daktari? Miaka yote hii wanakuita masikio ya kikundi, mimi nikuambie vua miwani kama mgeni wa siku ya kwanza? Ningekuweka wapi? Nikajisemea, basi. Amplifaya ni kitu tu. Kaji naye amezeeka, kama mimi na vidole vyangu. Yeye anasahau, mimi natetemeka."

Hapo ningeweza kunyamaza. Alikuwa ameshanisamehe, tena kwa kosa dogo kuliko nililofanya. Chai ilikuwa baridi, taulo lilikuwa kavu, ningeinama mara moja nikaenda zangu. Lakini aliposema tumezeeka wote, akanitazama kwa upole ule, nilishindwa.

"Sikusahau," nilisema. "Niliiacha makusudi. Nilitaka kukuona ukihangaika. Nilikuwa na kijicho nawe, tangu zamani. Sikupanga kukuharibia. Nilitaka kukutazama tu."

Aliitazama ile meza yake tupu. Mvua ilikuwa inapiga bati la kibanda cha baiskeli.

"Hiyo sikuijua," alisema.

"Ndiyo maana nimekuambia."

"Afadhali ungeniachia ile niliyoijua."

Akainuka, akachukua vikombe, akaviosha polepole, kimoja kimoja, akiwa amenipa mgongo. Nilisimama nyuma yake nikitamani anitukane. Sugaya hatukani. Nilipokuwa navaa viatu alisema bila kugeuka, "Kikundini waambie umesahau. Hiyo nyingine ibaki hapa kwangu."

"Si kweli."

"Kaji. Umenikosea mimi, hukuwakosea wao. Usiigawe."

Nimefika nyumbani, Fumie ameniuliza amesemaje. Nimesema ameosha vikombe.

Julai 9

Joto na mvua pamoja. Ukungu umeota kwenye mkanda wangu wa ngozi.

Julai 13, Jumapili

Nimesema. Nilisimama kabla kahawa haijaletwa, nikasema kwamba siku ile nilisikiliza amplifaya ya Sugaya nikiwa na miwani usoni, kwamba nimeirudia nyumbani, na kwamba ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kusikia katika chumba hiki. Sentensi yangu ya bafuni iliishia hapo.

Walicheka. Hilo sikulitegemea. Walicheka kwa huruma, wakaniambia ni uzee, hata wao hufanya hivyo, mmoja wao aliwahi kusikiliza sahani nzima hedifoni zikiwa zimevaliwa nyuma mbele. Kila aliyenipigapiga begani alinizidishia aibu, kwa sababu nilikuwa napokea msamaha wa mtu mwingine.

Kisha Mama Kinugasa, ambaye hakucheka, aliweka birika chini.

"Mimi niliisikia ile besi," alisema.

Tukamtazama.

"Mimi sina miwani. Niliisikia, ilinijaa hadi tumboni. Lakini wewe ulikuwa umeshasema ina adabu. Nikadhani masikio yangu ndiyo mabovu."

"Hata mimi," alisema Daktari, uso umemwiva. "Nilidhani ya kwangu imeshinda kwa jambo ambalo sijui kulisikia. Nimekuwa nikilitafuta wiki nne sasa."

Kumbe chumba kizima kilisikia, isipokuwa mimi. Hakuna aliyecheka tena.

Daktari ndiye aliyewapigia watu wa maonyesho na kuondoa amplifaya yake. Alifanya hivyo papo hapo, amesimama kwenye ngazi, akiinama mbele ya simu. Kazi ya kumpigia Sugaya wakaniachia mimi. Alipokea. Nilimwambia. Alisema "Haya" tu, akauliza kama waya wa umeme bado uko nami, kwa maana aliufunga kwa namna yake.

Julai 18

Masika yamekwisha. Fumie ametandaza plamu juani, kwenye nyungo tatu, nyekundu tupu. Hakuna hata moja yenye ukungu. Amenipa moja niionje, na nimeipokea kwa mikono miwili.

Julai 20, Jumapili

Nimerudi sasa hivi, miguu imevimba.

Meza yetu ilikuwa kwenye kona, karibu na choo, na foleni haikukatika kuanzia mlango ulipofunguliwa. Daktari alikuwa anageuza sahani. Mama Kinugasa alikuwa anafuta mito ya hedifoni kwa kitambaa. Kazi yangu niliiomba mwenyewe: nilisimama kando ya kiti na lile sinia jeusi.

"Samahani, naomba uvue miwani."

Nimelisema hilo tangu asubuhi hadi sauti ikakauka. Kwa wanafunzi, kwa wahandisi, kwa mtu na mkewe waliotoka Sendai. Na kila nilipolisema, Sugaya, aliyekaa kwenye stuli nyuma ya meza katika shati lake la harusi, alikuwa analisikia. Hakunitazama. Alinisalimu asubuhi kama unavyomsalimu jirani wa ghorofa nyingine.

Karibu na mchana mwanamke mmoja mwenye mkoba wa safari alisikiliza sahani hadi mwisho, foleni ikanung'unika, asijali. Alipovua hedifoni macho yalikuwa mekundu. Aliniuliza, "Nani ameitengeneza?" Nikamwonyesha. Akaenda mbele ya Sugaya, akainama sana, na Sugaya akainama zaidi, wakabaki wakiinamiana. Ile mikono yake ilikuwa juu ya magoti, inatetemeka mbele za watu, hakuificha.

Walipotangaza kufunga, watu wakapungua. Daktari akasema, "Mzee, bado wewe." Kweli, siku nzima yeye hakuwa amekaa kwenye kile kiti cha kusikilizia.

Sugaya akaja kwenye kiti. Akachukua hedifoni, akaziweka mapajani, akaniangalia. Miwani yake, ile ya chuma chembamba, iko usoni. Nikasogeza sinia. Hakusogea. Aliendelea kunitazama tu, akingoja, na nikajua jinsi alivyongoja siku ile.

"Vua miwani, Sugaya," nilisema.

"Maneno mawili," alisema. "Siku ile yalinishinda."

Akaivua. Hakuiweka kwenye sinia, aliitia mkononi mwangu. Daktari akashusha sindano kwenye sahani.

Bila miwani Sugaya hanioni hata nikiwa hatua moja mbele yake. Nilisimama pale nimeishika, nikamtazama uso wimbo mzima, nikimwombea yule mpiga besi aingie.